Mkia wa Afande na Karatasi za Jumamosi

Eyotaru hakuwa mtu wa wivu. Alisema hivyo mwenyewe, mara nyingi, na mara nyingi bila kuulizwa. "Mimi? Wivu? Ya nini?" angesema huku akikata uzi kwa meno, na mteja aliyekuwa kwenye benchi akisubiri gomesi, gauni lake la sherehe, alijua kwamba kuna mtu mahali fulani mjini Arua amelitaja jina la Kiden, mwanafunzi wake wa zamani, na maneno yamemfikia mama wa watu.

Tumjue kwanza kabla hatujamsema. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Kuluva, mjane, mama wa binti mmoja aitwaye Rejoice aliyeolewa mbali. Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye cherehani mbili, kioo kirefu cha wateja kujitazama, na ukuta uliojaa karatasi. Hizo karatasi ndizo zilikuwa fahari yake. Mafundi wengine huangalia mtu kwa jicho moja wakakata. Eyotaru hakugusa kitambaa cha mtu kabla hajachora vipimo vyake kwenye karatasi, na akishachora hakuitupa. Mteja akirudi baada ya mwaka alichorwa upya, karatasi mbili zikalazwa moja juu ya nyingine, na hapo ndipo ilipojulikana kama mtu amenenepa au ni nguo tu iliyorudi kwa kufuliwa. Kuna mke wa mchungaji mmoja aliyeapa kuwa hajaongezeka hata kidogo. Zikalazwa karatasi mbili mezani, na yule mama akaomba kwa sauti ya chini pindo liachiwe.

"Karatasi moja haisemi kitu," Eyotaru aliwaambia waliokuja kujifunza kwake. "Macho pia inadanganya. Leta karatasi mbili."

Wengi walijifunza kwake, na wengi aliwasahau. Stella Kiden hakuweza kumsahau, ingawa alijitahidi sana. Kiden alikuja kutoka Sudan Kusini na mtoto mgongoni, akiwa hajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Miaka mitano baadaye kola zake zilikuwa zinalala vizuri kuliko za mwalimu wake. Eyotaru aliliona jambo hilo mapema kuliko mteja yeyote, na halikumpendeza. Akajiambia kwamba mwanafunzi mzuri ni sifa ya mwalimu, akaendelea kumpa Kiden kazi ya kushona vifungo.

Kisha akaja samaki, mambo yakazidi.

Samaki alikuwa wa Ivan, mpima ardhi kutoka Kampala aliyepanga chumba nyuma ya duka. Ivan hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na samaki mmoja wa rangi ya buluu iliyokolea, mdogo kama kidole, mwenye mkia na mapezi mapana kuliko mwili wenyewe. Aina hiyo huitwa beta, na hufugwa kwa uzuri wake, si kwa ajili ya chungu, jambo ambalo majirani walihitaji kuelezwa zaidi ya mara moja. Kwa kuwa chumba cha Ivan kilifungwa siku nzima na kuwa tanuri, sanduku la kioo la samaki lilikaa dukani, mezani karibu na dirisha. Ivan alimwita Afande kwa sababu alimkasirikia kila aliyemkaribia. Ukimsogezea kioo cha mkononi, alimwona adui pale, akavimbisha mashavu na kutanua mapezi yote tayari kwa vita, kumbe anagombana na sura yake mwenyewe. Wateja walicheka mpaka wakasahau bei. Wengine walianza kuja kupimwa nguo ambazo hawakuwa na haja nazo.

Siku moja Afande akachana mkia kwenye ua la plastiki alilowekewa kama pambo. Baada ya wiki ukingo wa mkia ukaonekana mweupe, na Ivan akakosa raha. Alisoma kwenye simu yake, kisha akawaeleza wale wanawake wawili kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Kama iko ugonjwa, pale mwisho inakuwa nyeusi, ama kahawia, ama nyekundu kama imeungua. Inachanika-chanika. Kila wiki mkia inakuwa fupi. Samaki inalala chini, chakula hataki. Kama inaota mpya, ile mwisho iko nyembamba, haina rangi, unaweza ona taa upande ingine. Na mkia inakuwa refu. Rangi inakuja nyuma."

Alijua yote hayo, na bado kila asubuhi aliinama mbele ya kioo na kuona jambo jipya. Jumatatu mkia umerefuka, Jumanne umepungua, Jumatano haelewi. Eyotaru akachoka naye.

"Wewe unapima mashamba ya watu, samaki moja inakushinda? Leta karatasi."

Wakaanza Jumamosi hiyo. Kiden alishika kioo cha mkononi upande mmoja ili Afande akasirike na kutanua mkia. Ivan alimulika tochi ya simu kutoka nyuma. Eyotaru akabandika kwenye sanduku ile karatasi nyembamba ambayo mafundi hunakilia mitindo, na kivuli cha mkia kilipotulia kwa nukta chache akakizungushia penseli. Jumamosi iliyofuata wakarudia. Akazilaza karatasi mbili mezani, na ya pili ilikuwa imezidi ya kwanza kwa upana wa mshono mmoja. "Inaota," akatangaza, na Ivan akamkumbatia mbele ya wateja. Tangu siku hiyo Eyotaru alijiita daktari wa samaki, na kila Jumamosi Afande alichorwa hata pale ambapo hakuwa na shida yoyote.

Sasa, daktari alichora mara moja kwa wiki. Aliyelaza maji ya bomba kwenye ndoo siku nzima ili dawa yake itoke alikuwa Kiden. Aliyebadilisha maji kidogo kidogo, aliyeokota mabaki ya chakula chini ndani ya sanduku, aliyelifunika kwa kitenge wakati wa baridi ya mvua alikuwa Kiden. Kila mtu aliliona hilo, Ivan akiwa wa kwanza. Kazi yake ya Arua ilipokwisha na akatakiwa kurudi Kampala, alimletea Eyotaru chupa ya chai nzuri, yenye maua, na mbele ya benchi lililojaa wateja akasema samaki atabaki na Kiden.

Eyotaru alishukuru kwa chupa. Akaiweka juu ya kabati na hajawahi kutia chai humo mpaka leo. Alijua kabisa kwamba Ivan ametenda haki, na kujua huko hakukumsaidia chochote, kulimchoma zaidi. Angeonewa, angalau angekuwa na la kulalamikia.

Miezi miwili baadaye Kiden akaaga. Anakwenda Koboko kufungua duka lake, alisema, kwa sababu Kikakwa wanachosema watu wa huko kinakaribiana na lugha ya kwao, na wateja wanavuka kutoka Kongo na kutoka Sudan Kusini. Eyotaru alimpa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, zawadi aliyompa kila mwanafunzi aliyemaliza. Akamwambia nenda salama. Kisha akasimama mlangoni akatazama sanduku la kioo likipakiwa kwenye gari, limezungushiwa mablanketi mawili, na kilichomtoa machozi kilikuwa hasira.

Mwanzoni Kiden alipiga simu kila wiki.

"Mama, nasalimia."

"Kuna shida gani?"

"Hapana, hakuna shida. Nasalimia tu."

"Basi mimi niko na kazi."

Mtu anaweza kuambiwa hivyo mara ngapi? Baada ya muda simu zikapungua, kisha zikakoma, na Eyotaru akaanza kuwaambia watu kwamba watoto wa siku hizi wakishapata hawakumbuki aliyewafundisha.

Habari za Koboko alizipata kwa Zulaika, mama mwenye maneno mengi aliyeleta vitenge vya Kongo Arua kila wiki. Zulaika hakujua kwamba anatia chumvi kwenye kidonda. Au labda alijua.

"Ile duka ya Kiden, wee, mutu hana mahali ya kukaa," alisema siku moja, akifungua mzigo wake sakafuni. "Wanawake wanatoka Kongo asubuhi, wanapanga mstari. Na ile samaki iko pale mezani. Watu wanasema, twende kwa fundi ya samaki."

"Fundi ya samaki," Eyotaru akarudia.

"Ndiyo jina yake sasa."

"Na kola? Anashona namna gani?"

"Kola yake inalala, dada yangu. Inalala kama mutoto amekunywa maziwa."

Eyotaru alipima yadi tatu za kitenge, akazikunja, akazikunjua, akapima tena. Jina lile lilimkaa kichwani. Samaki alikuwa wa dukani kwake. Karatasi zilikuwa wazo lake. Hata kola zile, nani alimfundisha kuzipiga pasi kabla ya kuzigeuza? Alilala nalo jina hilo na kuamka nalo, na siku kadhaa alikuwa mkali hata kwa wateja waliokuja na pesa mkononi.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, picha ilipoingia kwenye simu yake. Mkia wa Afande, umepigwa kwa karibu. Sehemu ya chini ilikuwa imechanika siku za nyuma, na pale palipochanika ulianza utando mwembamba usio na rangi, laini, ukingo wake umenyooka. Mwanga wa dirisha la Koboko ulipenya pale. Hapakuwa na weusi wala wekundu, wala ukungu mweupe kama pamba unaoshambulia samaki. Samaki mwenyewe alikuwa akiogelea karibu na uso wa maji, amejitengenezea povu lake pembeni kama afanyavyo akiwa na furaha. Eyotaru hakuhitaji miwani.

Simu ikalia.

"Mama, umeona? Nilimuwekea kipande ya chungu alale ndani, ikamkata. Sasa pale mwisho iko nyeupe. Hii iko ugonjwa, ama inaota?"

Dukani hapakuwa na mtu. Kama angekuwepo mtu, hata mmoja, huenda Eyotaru angesema kweli ili asikike akiisema. Alitazama nafasi pale karibu na dirisha lilipokuwa sanduku, ambapo sasa palikaa rundo la nguo za kurekebisha.

"Hiyo iko kuoza," akasema.

"Kuoza, Mama?"

"Kuoza. Chukua ile mkasi kidogo nilikupa. Kata ile nyeupe yote, usibakishe."

"Nikate?"

"Kama kitambaa imeanza toka nyuzi unafanya nini? Unakata."

"Ndiyo, Mama," Kiden akasema. "Asante."

Nitasema jinsi ilivyokuwa, maana hakuna faida kumpamba. Eyotaru alifurahi. Mchana ule aliimba akiwa kwenye cherehani. Akilini aliona Afande amekufa kwa kidonda, fundi wa samaki amebaki bila samaki, na wateja wa Kongo wakiuliza yuko wapi. Alikula vizuri, akamsifia jirani mtoto wake. Furaha hiyo ilidumu mpaka jioni, alipokuwa akikusanya vitu, mkono wake ukagusa mkasi wake mwenyewe wa nyuzi mezani, akauacha pale alipoukuta.

Kesho yake alishona sare za kwaya ya kanisa, akatia mikono ya kulia kushotoni kwenye magauni manne mfululizo. Kosa hilo hakuwahi kulifanya tangu akiwa mwanafunzi. Akafumua, akashona, akakosea tena. Mara tatu alishika simu ampigie Kiden, na mara tatu hakujua aanze vipi, kwa sababu kusema usikate ni kusema nilijua. Siku zikapita. Kila siku iliyopita ilimaanisha kwamba kilichokatwa kimeshakatwa. Zulaika alikuwa na malaria wiki hiyo, hakusafiri, kwa hiyo hapakuwa na habari yoyote. Ijumaa ya wiki ya pili Eyotaru alifungua droo kutafuta zipu, akakuta karatasi za Jumamosi za enzi za Ivan, kumi na moja, zimepangwa. Kwenye kila moja Kiden alikuwa ameandika tarehe kwa herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Asubuhi ya Jumamosi alifunga duka akaenda Koboko. Barabara ni ya lami siku hizi na safari si ndefu, lakini alikuwa na muda wa kutosha kuandaa uongo: amekuja kutafuta kitenge cha rangi fulani, akaona apite kusalimu.

Duka lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na hilo nalo lilimchoma, hata katika hali ile. Kiden alikuwa kwenye cherehani. Alipomwona alisimama, akaja, akapiga goti kidogo na kushika mkono wa Eyotaru kwa mikono yake miwili kama mtu anavyomsalimu mama yake, akamwondoa mteja kwenye kiti kizuri ili mgeni akae. Akaleta maji. Eyotaru alikuwa ameshika gilasi, hajanywa, alipothubutu kugeuza macho upande wa meza ya dirishani.

Afande alikuwa mzima. Mkia wake ulikuwa mpana kuliko zamani, na pale palipokuwa peupe palikuwa pameanza kuingia buluu.

"Hukukata," Eyotaru akasema.

"Sikukata."

Hapo ndipo aliuona ukuta. Juu ya cherehani ya Kiden, mahali ambapo fundi anaona kila ainuapo kichwa, zilipachikwa karatasi nne nyembamba, kila moja na umbo la mkia na tarehe chini yake. Eyotaru akaweka gilasi chini, akasogea. Alizitazama kwa jicho la kazi, jicho lililofanya kitu hicho hicho kwa miaka thelathini. Ya pili imezidi ya kwanza. Ya tatu imezidi ya pili. Na tarehe ya ile ya tatu ilikuwa Jumamosi moja kabla ya ile Jumanne ya simu.

Alisoma tarehe hiyo mara mbili.

"Ulikuwa unajua inaota," akasema bila kugeuka. "Ulikuwa na karatasi tatu. Kwa nini uliniuliza?"

Kiden alimwomba mteja aliyebaki arudi baadaye. Akasubiri mpaka ametoka.

"Kila nikipiga simu unauliza kuna shida gani. Mimi sina shida, Mama. Kila kitu ulinifundisha. Nikisema nasalimia, unasema uko na kazi." Alikuwa akisawazisha kitambaa mezani kwa kiganja, kitambaa ambacho tayari kilikuwa sawa. "Basi nikatafuta shida."

Eyotaru alishika ukingo wa meza.

"Ukasema kata," Kiden akaendelea, kwa sauti ile ile. "Nikaenda kutoa mkasi. Nikaangalia karatasi tena, nikafikiri labda mimi ndiyo sijui kupima. Nikamshika samaki kwa mkono, Mama. Nilikuwa nimemshika. Akanifungulia mashavu namna anafanya. Nikamrudisha kwa maji."

Eyotaru alikuwa ameandaa kitenge, rangi yake, na mahali alipoambiwa kinapatikana. Hakuna hata kimoja kilichotoka. "Nilikuwa na wivu," alisema. Maneno hayo hakuwahi kuyaweka kinywani isipokuwa kuyakana, na sasa yalimtoka kwa Kiswahili kifupi cha sokoni, bila kuzunguka. "Samaki, duka, kola. Yote. Nilijua iko inaota, nikasema kata."

"Najua."

"Umenisamehe?"

Kiden alikwenda kwenye rafu akachukua karatasi nyembamba, akaikata kipande, akaitia mkononi mwa mwalimu wake pamoja na penseli. Akachukua kioo cha mkononi, akakishika upande wa pili wa sanduku, na kwa mkono mwingine akamulika tochi ya simu kutoka nyuma. Afande akamwona adui wake wa siku zote, akavimba, akatanua mkia wote. Eyotaru akachora. Kiden akaandika tarehe chini, akaipachika ukutani. Hakuipachika kwenye mstari wa zile nne. Aliiweka peke yake, upande wa pili, penye nafasi tupu.

"Hii iko ya kwanza, Mama," akasema. "Karatasi moja haisemi kitu. Rudi Jumamosi."